Mwalimu Hapigi Magoti

Siku ya kuniaga, walimu vijana wa shule yetu walinipa kanga na blanketi, wakaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu wali ulikuwa unapoa. Waliuliza: zamani, cheti cha ualimu kilipatikanaje? Sasa nina mwezi wa pili nyumbani, sina kengele ya kukimbilia, nimeona niwajibu kwa kalamu. Mnivumilie. Tangu utoto naandika polepole, na jambo hilo nalo limo katika habari hii.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mshahara ulikuwa mdogo, na kila cheo nilichopewa kilinisogeza mbali na ubao. Nitaeleza cheti tu.

Wakati wangu, mwishoni mwa miaka ya arobaini, ilibidi uwe umemaliza darasa la sita. Baadaye wakataka la nane, kwa hiyo mimi nilipita kabla mlango haujafungwa. Ilitakiwa barua ya padri kwamba umebatizwa na unaonekana kanisani, na barua ya mwenendo mwema kutoka kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji aliye chini ya mtemi. Mganga wa misheni alikutazama macho, kifua na meno. Habari ya meno sijaielewa hadi leo. Na kama wewe ni msichana, baba yako aliahidi mbele ya mashahidi kwamba hatakuja kukutoa chuoni ili akuoze. Sharti hilo liliwaangusha wenzangu wengi kuliko hesabu.

Ukivuka hapo, ulikaa chuoni miaka miwili, ukafanya mtihani wa kuandika, ukapelekwa shuleni kwa majaribio. Mwishowe mkaguzi alikuja kukaa nyuma ya darasa lako akakutazama unafundisha. Ukimridhisha, cheti kinakuja. Usipomridhisha, unarudia mara moja. Ukishindwa mara ya pili, unafunga sanduku lako unarudi kwenu.

Kwetu ni Ushirombo. Sisi ni Wasumbwa, watu wa kulima mihogo na karanga, Wakatoliki tangu babu. Mimi nilikuwa mtoto mwenye haya. Wageni walipokuja nilijificha nyuma ya ghala mpaka waondoke, na kama walilala, nililia. Baba aliponipeleka kwa mwanangwa kutafuta ile barua, mwanangwa alinitazama muda mrefu, kisha akamgeukia baba.

"Huyu ni wako kweli? Mbona sijawahi kumsikia akisema?"

"Ni wangu," baba akajibu. "Hasemi."

"Sasa nitaandikaje mwenendo wa mtu asiyesema?"

"Andika hivyo hivyo."

Akamwambia karani wake aandike. Bahasha haikufungwa, nikaisoma njiani. Ilisema: "Msichana huyu ana mwenendo mwema kwa kuwa hasemi." Nikapokewa chuoni.

Chuoni tulifundishwa na Sista Metilda, mtawa wa Kizungu aliyevaa miwani minene na kujua Kiswahili cha kugombeza kuliko cha kusifu. Alitufundisha hata kutengeneza ubao. Unavunja betri za tochi zilizokwisha, unatoa ule unga mweusi, unautwanga pamoja na majani ya viazi, unapaka kwenye mbao zilizopigwa randa, unaacha zikauke, unapaka tena. Ubao wangu ulikuwa mzuri. Tatizo lilikuwa kuandika juu yake. Wenzangu walijaza ubao mzima mimi nikiwa mstari wa pili.

"Skolastika," Sista akasema siku moja akiwa nyuma yangu, "watoto hawa wataota ndevu kabla hujaweka nukta."

Alitupa kanuni nyingi, na moja aliirudia kila Jumatatu: mwalimu hapigi magoti. Kwetu msichana akimsalimu mkubwa hupiga magoti. Akimpa maji hupiga magoti, akipokea kitu hupiga magoti. Sista alisema nyumbani fanyeni hivyo, ni adabu nzuri, lakini ndani ya darasa mkubwa ni mmoja tu, na ndiye mwenye chaki. Tuliitikia wote kwa pamoja, "Ndiyo, Sista." Magoti yangu hayakuitikia. Yalikuwa yanajua kazi yake bila kuniuliza.

Nikapangiwa shule ya upande wa Geita, si mbali na Nyarugusu, nchi ya dhahabu. Nilifika nimekaa juu ya marobota ya pamba kwenye lori, pamba hadi masikioni. Shule ilikuwa vyumba viwili vya udongo vilivyoezekwa kwa nyasi. Wanafunzi walikuwa watoto wa Wasukuma na Wazinza wa pale, na watoto wa wachimbaji waliotoka kila pembe ya nchi, Wakristo na Waislamu, kila mmoja na Kiswahili cha kwao.

Mwalimu mkuu aliitwa Mathiasi, Msukuma wa Shinyanga, mwembamba, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kufyeka majani. Chaki alizifungia ndani ya mkebe wenye kufuli, akatoa mbili kila Jumatatu kama mtu anayegawa kwinini. Kwake nilijifunza kuzungushia chaki karatasi ili isivunjike, na kuandika andalio la somo jana yake, kwa sababu, alisema, "asubuhi ina mambo yake." Alinifundisha pia kwenda kukaa kwenye benchi la nyuma kabla watoto hawajafika ili nione ubao kwa macho ya mtoto wa mwisho. Hilo nimelifanya kila shule niliyofundisha, na nawashauri mlifanye.

Siku niliyofika alinikalisha akanieleza hali ilivyo. Shule ilikuwa na darasa la kwanza na la pili basi. Mvulana akimaliza la pili, alitembea hadi shule nyingine ya mbali, au alikwenda kukaa kwa ndugu. Msichana alirudi nyumbani. Mwaka ule kulikuwa na wasichana tisa katika darasa la pili. Wakubwa walikuwa wamekubali kutufungulia darasa la tatu Januari, kwa sharti kwamba shule iwe na walimu wawili wenye vyeti.

"Mimi ninacho," Mathiasi akasema. "Wa pili ni wewe, na wewe huna. Kwa hiyo usidhani unatafuta cheti chako. Hicho ni cha wale tisa."

Usiku ule sikula.

Asubuhi nikaingia darasa la kwanza. Walikuwa arobaini na mmoja. Arobaini walikuwa watoto. Wa arobaini na moja alikaa benchi la nyuma, magoti yamefika kidevuni, ndevu zina mvi. Wote wakasimama, naye akasimama. Nikaziona zile mvi, na kabla sijafikiri lolote nilikuwa nimeshapiga magoti mlangoni, chaki mkononi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba," yule mzee akajibu kwa mazoea.

Wale watoto arobaini walikuwa wamefundishwa kujibu salamu kwa pamoja na kwa sauti. Wakapaza sauti wote: "Maraha-baa!"

Mathiasi aliisikia kutoka chumba cha pili. Alitoka nje, akachungulia, akaniona chini, akarudi ndani bila neno. Ndivyo nilivyoanza kazi ya ualimu, nikiwa nimebarikiwa na watoto wa miaka saba.

Mzee yule aliitwa Luhende. Usiku alifanya kazi mgodini, chini kabisa, kazi ya kusimamisha magogo yanayozuia mwamba usianguke. Asubuhi alipanda juu, akanawa, akaja shule. Wakati wa mapumziko alinifuata, nami nikapiga magoti tena.

"Binti, kwenu wapi?"

"Ushirombo."

"Ushirombo! Na mama yako ni wa ukoo gani?"

Nikautaja. Akapiga makofi, akacheka hadi akakohoa.

"Basi mimi ni mjomba wako! Ukoo huo ndio wangu. Nimekaa huku miaka yote hii bila mtu wa kwetu, kumbe Mungu ananiletea mpwa na chaki!"

Yeye alifurahi. Mimi niliona nimekwisha. Mzee tu ungeweza kumzoea. Mjomba kwetu haitwi kwa jina lake, hakaripiwi, hapewi kitu kwa mkono mmoja. Sasa mfundishe huyo kusoma.

Nilipata njia yangu, nayo ilikuwa njia ya woga. Sikumuuliza swali, sikumwita ubaoni. Nilipowarudishia wanafunzi vibao vyao vya kuandikia, vya watoto nilivigawa nimesimama, cha kwake nilikipeleka kwa magoti na mikono miwili. Watoto wakazoea, kama walivyozoea kwamba paa linavuja. Mathiasi hakuzoea.

"Mwalimu Skola," aliniuliza, "pale ndani unafundisha au unaomba radhi?"

Siku moja nilijikaza nikamuuliza mjomba kwa nini anasoma katika umri ule.

"Kule chini kuna kibao," akasema. "Kimepigiliwa ukutani pale ninapopita. Kimeandikwa maneno. Nimepita mbele yake miaka sita, kinanitazama, mimi nakitazama. Labda kinasema mwamba huu mbovu, usipite. Labda nimepita mahali pa kufa mara elfu. Nataka kujua kinasema nini, basi."

Mwezi wa nane mkaguzi akaja. Jina lake Bwana Elia, mtu wa Kilimanjaro, mrefu, mwenye kofia ya jua na daftari la jalada jeusi. Akakaa nyuma, kando ya mjomba. Nilianza vizuri. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini watoto walikuwa kimya nayo ikafika. Nikaandika mstari wangu wa kwanza, polepole, herufi zimenyooka. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tutamaliza salama, ndipo Bwana Elia alipoinua kalamu yake.

"Mwalimu, muulize na huyu hapa."

Akamwonyesha mjomba. Darasa zima likageuka. Nikafungua mdomo nimwite, na jina halikutoka. Nilichojua ni kwamba sakafu imekuja karibu. Nilikuwa chini, na kinywa changu kikasema kile kilichozoea kusema mtu akiwa pale chini.

"Shikamoo, mjomba."

"Maraha-baa!" wakaitika watoto arobaini.

Baadaye Bwana Elia aliniita chumbani kwa Mathiasi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Mimi pia nina mjomba," akasema. "Sikukatai kwa sababu ya adabu. Nimetazama kibao cha yule mzee. Amekaa darasani mwako miezi saba. Herufi S anaiandika kinyume, imegeukia kushoto, kila mahali. Mtoto aliyekaa mbele yake uliisahihisha ya kwake, nimeona. Ya mzee hujaigusa. Kwa nini?"

Nilitazama viatu vyake.

"Watoto arobaini wamepata mwalimu. Yeye amepata mpwa. Hakuja kutafuta mpwa." Akafunga daftari. "Nitarudi mwezi wa kumi na moja. Ni mara ya mwisho, unajua."

Alipoondoka, Mathiasi alizunguka chumba mara tatu, akapata dawa. Dawa yake ilijulikana katika shule nyingi za wakati ule, na sitasema ni shule zipi.

"Siku ile ya Novemba Luhende asiwepo. Nitampa kazi ya kufyeka njia ya kisima. Mkaguzi atakuta watoto, wewe utafundisha, cheti kitakuja, darasa la tatu litafunguliwa. Nenda kamwambie."

Nikaenda jioni, jua likiwa bado juu. Mke wa mjomba, Mama Kulwa, alikuwa anamenya karanga kwenye ungo. Mjomba alikuwa juu ya kigoda, fimbo yake mapajani. Nikapiga magoti, nikasalimu, kisha nikanyamaza. Nilikaa hivyo mpaka Mama Kulwa akachoka.

"Mtoto huyu kaja kutuonyesha kichwa chake? Sema basi, mayu, mama yangu."

"Kaja kuniambia nisije shule siku ya mkaguzi," mjomba akasema. "Si ndiyo?"

"Mwalimu Mathiasi anasema siku hiyo ukafyeke njia ya kisima..."

"Mathiasi sikumuuliza. Yule mkaguzi alisema nini kuhusu mimi?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kudanganya. Sijui kwa nini sikudanganya. Labda kwa sababu nilikuwa natazama chini, na kule chini palikuwa na vumbi safi, mahali pazuri pa kuandika.

"Alisema mjomba unaandika S kinyume."

Akachukua ncha ya fimbo, akachora vumbini. "Hii?"

"Ndiyo."

"Ni kinyume?"

"Ndiyo, mjomba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

Mama Kulwa alicheka hadi karanga zikamwagika. "Mwezi wa pili! Mwanamume mzima anatembea na S imegeuka kisogo, na mpwa wake anamwangalia! Tena mlangoni kwetu ameichora na mkaa, kubwa, nikawaita majirani waje waone!"

Mjomba hakucheka. Sijawahi kumwona na uso ule.

"Ng'ombe wangu akiwa na kidonda mgongoni, nawe umekiona, utanyamaza kwa kuniheshimu?"

"Hapana, mjomba."

"Funza wakimwingia?"

"Hapana."

"Basi. Sitafyeka njia ya kisima. Nitakuja, nawe utaniuliza. Sikiliza. Fimbo hii ndiyo uzee wangu, kila mtu hapa anaijua. Kuanzia kesho naiacha nje, naiegemeza ukutani kabla sijaingia. Ujomba unabaki nayo pale nje, unailinda isiibiwe. Ndani anaingia Luhende tu, wa darasa la kwanza, anayeandika kinyume. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Niite sasa tusikie."

Sikuweza. Mama Kulwa aliacha ungo akanitazama kama mtu anayemtazama ng'ombe anayezaa. Mjomba akaegemeza fimbo kwenye ukuta wa nyumba, akarudi kigodani, akaweka mikono magotini kama mtoto wa shule.

"Niite."

"Lu..." nikasema. Siku ile tuliishia hapo.

Nilikwenda kila jioni, kabla hajaenda mgodini. Siku ya nne jina lilitoka lote, kwa mnong'ono. Siku ya tisa nililisema nimesimama. Wiki ya tatu Mama Kulwa alikwenda kukaa kwenye shamba la mihogo, mbali, akasema hatarudi kupika mpaka amelisikia akiwa kule. Wakati huo mjomba alikuwa na njaa.

"Luhende! Simama!" nikapiga kelele. Akasimama. "Soma!" Akasoma. "Kaa!"

Jirani mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alisimama njiani, akamwuliza Mama Kulwa kwa hofu, "Shemeji, kuna nini hapo kwako? Yule binti anamtukana mzee?"

"Anamsomesha," Mama Kulwa akasema. "Tena leo kachelewa kumaliza, nenda zako nikapike."

Siku nilipomwita darasani kwa mara ya kwanza, vichwa arobaini viligeuka kwa pamoja, vikamtazama yeye, vikanitazama mimi, vikangoja paa lianguke. Halikuanguka. "Naam, Mwalimu," akasema, akasimama. Kesho yake viligeuka vichwa kumi. Baada ya wiki hakuna aliyegeuka, na S zake zote zikawa zinatazama upande wa wenzao.

Ndipo Bwana Elia akarudi, na daftari lile lile, akakaa mahali pale pale. Wasichana tisa wa darasa la pili walikuwa chumba cha pili na Mathiasi, na najua hawakusoma kitu asubuhi ile, kwa sababu hakuna sauti iliyotoka kule hata moja. Mjomba aliegemeza fimbo nje akaingia. Nikaanza somo. Safari hii sikungoja nielekezwe.

"Luhende. Fungua kitabu, soma ukurasa wa ishirini."

Akasimama akasoma. Alisoma upesi, bila kukwama, kama maji ya mfereji. Watoto walimwangalia kwa wivu. Bwana Elia akaandika kitu. Lakini macho ya mjomba hayakuwa yanatembea. Yalikuwa yametulia katikati ya ukurasa. Nikamwendea kule nyuma, nikaweka kiganja changu juu ya mstari. Akaendelea kusoma.

Ukurasa ule alikuwa ameukariri. Wale mnaofundisha watu wazima mnaujua ugonjwa huu. Mtoto hukariri kwa uvivu, mtu mzima hukariri kwa bidii. Ningeweza kumwacha. Mkaguzi alikuwa ameinamia daftari lake, kiganja changu hakukiona, na tulikuwa tunashinda. Lakini kumwita kwa jina tulikuwa tumefanya mazoezi. Kumwaibisha mbele ya watu hatukuwa tumefanya.

"Husomi, Luhende," nikasema. Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka. "Unakumbuka. Funga kitabu."

Uso wake ukabadilika, na nilidhani atatoka nje akachukue fimbo yake. Akafunga kitabu.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Njoo ubaoni. Utasoma ninachoandika."

Nikaandika sentensi ambayo haimo katika kitabu chochote. Niliandika kama ninavyoandika siku zote, polepole. Herufi ilitoka kwenye chaki moja moja, naye akaiona inazaliwa, tumbo lake na mguu wake, akawa na muda wa kuitambua kabla ya inayofuata. Nyuma yetu watoto wakaanza kunong'ona pamoja naye.

"Ma... ma... Mama. Ku... lwa. Mama Kulwa. A... me... Mama Kulwa ame... pi... ka..." Jasho lilikuwa linamtoka, na mgodini hakukuwa na joto kama pale ubaoni. "Amepika u... ga... li... a... su... bu... hi."

Akairudia sentensi nzima kimoyomoyo, midomo ikitikisika. Kisha akageuka, amekasirika kweli.

"Uongo huo! Leo hajapika! Nimekuja na njaa!"

Watoto waliangua kicheko, wengine wakapiga benchi. Nilitazama nyuma. Bwana Elia alikuwa ameficha uso ndani ya kofia yake ya jua, mabega yanaruka. Huwezi kukana maneno ambayo hukuyasoma, na alilijua hilo kama nilivyolijua mimi.

Kengele ikalia, watoto wakatoka. Mjomba alitoka wa mwisho, akachukua fimbo yake ukutani. Mimi nilikuwa nyuma yake, na magoti yangu, ambayo yalikuwa yamevumilia saa nzima, yakashuka pale pale kwenye vumbi.

"Shikamoo, mjomba. Nisamehe."

"Marahaba, mpwa wangu. Nisamehe ya nini? Wabeja." Ndivyo Wasukuma wanavyoshukuru, naye alikuwa amekaa nao miaka mingi.

Nilipoinua macho, viatu vya Bwana Elia vilikuwa kando yangu. Nikabaki chini, sijui nisimame au niendelee kukaa. Yeye akatoa saa mfukoni, akaitazama kwa makini.

"Somo limekwisha dakika mbili zilizopita," akasema. "Ya hapo nje si kazi yangu." Kisha akamsalimu mjomba shikamoo, akaenda kunywa uji kwa Mathiasi.

Katika taarifa yake, ambayo Mathiasi alinionyesha kinyume cha taratibu, aliandika: "Mwalimu anaandika polepole mno ubaoni. Asibadilike."

Cheti kilikuja kabla ya Krismasi. Karatasi nene, jina langu limeandikwa na mtu mwenye mkono wa haraka. Mathiasi alikisoma mbele na nyuma, akafungua mkebe wake, akanipa chaki nne. Wiki ile ile mjomba alipanda kutoka mgodini akaja moja kwa moja nyumbani kwangu, bado ana matope. Alikuwa amekisoma kile kibao cha kule chini, herufi kwa herufi, kwa taa yake.

"Kinasema nini?" nikauliza.

"Kinasema: Usiteme mate." Akafuta matope mkononi. "Miaka sita, mpwa wangu. Na nimetema sana."

Januari darasa la tatu likafunguliwa. Mathiasi alichukua la kwanza na la pili kwa zamu, mimi akanipa la tatu. Nilikwenda mapema, nikakaa benchi la nyuma nikatazama ubao, nikapanga nafasi tisa za wasichana upande wa dirisha. Wavulana wakaja, wakajaza mabenchi kama kawaida yao, miguu nje, viwiko nje. Wasichana wakaja. Nikawahesabu mlangoni, nikawahesabu tena. Walikuwa kumi na mmoja.

Wawili nilikuwa siwajui. Walimaliza la pili mwaka uliotangulia, wakarudishwa nyumbani, na baba zao walikuwa wamesimama nje chini ya jua, wameshika kofia zao mikononi. Mmoja wao akasogea.

"Mwalimu, tumesikia darasa la tatu anafundisha yule binti aliyemwambia Luhende akae naye akakaa. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," nikasema.

"Basi hawa nao tunawaacha. Kama umemweza Luhende, hawa utawaweza."

Nikaingia na wale wawili. Nafasi hakuna. Nikasimama mbele ya ubao, nikawatazama wavulana, wengine wakubwa kuliko mimi kwa kimo, mmoja ana ndevu zinazoanza.

"Sogeeni," nikasema.

Wakasogea.